Mama mdogo kaja na waini, mi nimekuja na njegere za kopo

Kamwene ndugu zangu, za masiku. Nimepotea humu kwa sababu mdogo wangu alijifungua mwezi uliopita, kwa upasuaji, mtoto wa kiume kilo tatu na nusu, mzima kabisa tunashukuru Mungu, ila mama mtu ndo alitoka mle na damu 8, yaani mweupe mpaka kwenye kucha, akisimama kizunguzungu, akipanda ngazi mbili tu za pale barazani moyo unamwenda mbio kama katoka kukimbizwa. Manesi wakampa vidonge vya damu wakamwambia na chakula ule vizuri, tukarudi naye nyumbani Kihesa, na hapo kwenye hilo neno "ule vizuri" ndo habari yangu ya leo inapoanzia.

Jumamosi mama mdogo akatoka Mafinga na basi la asubuhi. Kabeba kuku, kabeba unga wa ulezi, na chini kabisa ya kikapu, imeviringishwa kwenye kanga isije ikavunjika njiani, chupa ya waini nyekundu, ile tamu ya zabibu za Dodoma. Akaifungua ile kanga taratibu akaiweka chupa kwenye stuli karibu na kitanda, akamwambia mdogo wangu, "mwanangu, hii glasi asubuhi, glasi jioni, wiki mbili tu damu imejaa. Mi nilivyomzaa kaka yako ndo ilinisimamisha." Mimi nilikuwa nimetoka dukani na mfuko wangu, makopo mawili ya njegere, moja la maharage mekundu na moja la nyanya, kwa sababu ile wiki nilikuwa nalala saa nne naamka saa tisa na sikuwa na muda wa kukaa kumenya njegere. Mama mdogo akayachukua makopo yote manne akayatoa nje kibarazani. "Hivyo vitu vina dawa," akasema. "Mzazi hapewi vitu vya dawa."

Sikumjibu kitu pale pale, mama mdogo ni mama, na kuku alimbeba yeye kutoka Mafinga. Lakini lile jambo lilinikaa rohoni kwa sababu mimi nauza duka, kaduka kadogo hapa Iringa mjini, na shelfu la makopo limepakana kabisa na shelfu la waini, kila siku naona watu wanavyoyatazama hayo mashelfu mawili. Kopo mtu analishika kama kitu cha aibu, analigeuza, anauliza "hili halina madhara kweli?" Kwenye waini hakuna anayeuliza madhara. Wanauliza ipi inaongeza damu, na wanaouliza hivyo wengi wao wananunulia mzazi, au mgonjwa aliyetoka kulazwa, au bibi.

Basi usiku mtoto kalala nikachukua chupa na kopo nikaviweka mezani chini ya taa, nikaanza kusoma. Kopo lina lebo nzima nyuma, kalori, protini, nyuzinyuzi, chumvi, kila kitu. Viambato vyake: njegere, maji, sukari, chumvi. Basi. Ile "dawa" ya mama mdogo haimo. Chupa nayo nikaizungusha yote, nikakuta asilimia 13 ya kilevi, ujazo, onyo la umri, na sentensi moja ndogo chini kabisa kwamba ina salfaiti. Hakuna kalori, hakuna sukari, hakuna chuma, hakuna chochote kinachosema unakunywa nini. Na hizo salfaiti ndo dawa yenyewe ya kuhifadhi, zinawekwa waini isiharibike, kwa watu wengi hazina shida ila wenye pumu wengine zinawabana kifua. Yaani kitu alichokiogopa mama mdogo kwenye kopo kilikuwa kimekaa kwenye ile chupa yake. Hata Ulaya kwenyewe wenye waini yao wameanza kulazimishwa kuonyesha virutubisho na viambato mwishoni mwa 2023 tu, kwa waini mpya, na wanaruhusiwa vingi kuviweka kwenye msimbo wa kuskani na simu.

Kopo halihitaji dawa kwa sababu kilichomo kimechemshwa kikiwa kimeshafungwa. Hii historia naipenda sana. Kulikuwa na Mfaransa mmoja anaitwa Nicolas Appert, mtengeneza peremende, enzi hizo serikali ya kule ilihitaji njia ya kutunza chakula cha wanajeshi kisioze, na yeye akaanza kujaza mboga na nyama kwenye chupa za kioo, nyingine zilikuwa chupa za shampeni, anaziba na kizibo, anazichemsha kwenye maji. Alifanikiwa, na 1810 akapewa faranga 12,000 ili aiandike njia yake watu wote waijue. Mwaka huo huo Uingereza, Peter Durand akapata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kutumia mabati. Na kwa nini chakula hakikuoza walikuwa hawajui, mpaka Louis Pasteur alipokuja kuonyesha miaka ya 1860 kwamba kinachoharibu ni vijidudu, naye sehemu kubwa ya hiyo kazi aliifanya kwenye waini, anaipasha moto isichache. Ukiangalia hivyo, kopo la njegere na chupa ya waini ni ndugu kabisa.

Sasa namba. Nimezichukua kwenye majedwali ya chakula ambayo yako wazi kwa yeyote, zinaweza kupishana kidogo kampuni kwa kampuni lakini picha ni hiyo hiyo. Kopo la kawaida la njegere la gramu 400 ukimwaga maji unabaki na kama gramu 240. Hizo zina kalori 165 hivi, protini gramu 10 na kidogo, nyuzinyuzi kama gramu 10, vitamini C miligramu 23, chuma miligramu 2.3. Chupa ya waini nyekundu kavu ya mililita 750 ina kalori kama 630, protini nusu gramu, nyuzinyuzi sifuri, vitamini C sifuri, chuma kama miligramu 3.4, na kilevi chenyewe gramu 77 hivi. Kwenye hizo kalori 630, zaidi ya 500 zinatoka kwenye kilevi, maana gramu moja ya kilevi ina kalori 7, inakaribia mafuta yenye 9. Na hapo naongelea kavu. Ile tamu ya mama mdogo ina sukari juu yake.

Najua kuna mtu kashaona, chuma 3.4 na 2.3, chupa imeshinda! Nami niliposoma mara ya kwanza nilishtuka nikasema labda mama mdogo yuko sahihi. Ila subiri, hiyo ni chupa nzima, na chupa nzima ni glasi tano. Glasi moja ina kama miligramu 0.7. Nusu kopo la njegere, ambayo ni bakuli dogo tu pembeni ya wali, ina 1.1. Mwanamke wa kawaida mwenye kuona siku zake anashauriwa chuma miligramu 18 kwa siku, kwa hiyo kama unategemea waini ikupe hiyo inabidi unywe chupa tano na kidogo kwa siku moja, na mtu akinywa chupa tano hatuongelei damu tena. Maini ya ng'ombe, robo tu ya pale buchani, yanakupa chuma kinachopita chupa tatu za waini, na kile cha kwenye nyama mwili unakipokea kirahisi zaidi.

Halafu kuna hili ambalo ndo liliniuma zaidi. Waini nyekundu ina tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi, sawa sawa na chai ya rangi, na tanini zinashika chuma cha kwenye mboga na maharage kisiingie mwilini. Kwa hiyo mzazi anakula maharage yake vizuri, anashushia na glasi ya waini akijua anaongeza damu, na ile glasi inapunguza chuma alichokila. Na kilevi kinavuruga asidi ya foliki, ambayo ndo ile ile wanayoichanganya na chuma kwenye vidonge vya kliniki ili damu itengenezwe. Na ananyonyesha. Kilevi kinaingia kwenye maziwa kwa kiwango kinachokaribia kile kilichopo kwenye damu ya mama, glasi moja inachukua kama saa mbili mpaka tatu kuisha, na mtoto wa wiki moja ananyonya kila baada ya saa mbili, wakati mwingine kabla. Glasi asubuhi, glasi jioni. Nilimwangalia yule mtoto kalala na ngumi kaziweka mashavuni nikajisikia vibaya kwamba ile chupa iko chumba kimoja naye.

Kwa hiyo rangi ndo imetudanganya. Kitu chekundu tunaona damu. Wengine wanasema lakini Wafaransa wanakunywa kila siku na mioyo yao mizima, hiyo ilitangazwa kwenye televisheni ya Marekani 1991 kwenye kipindi cha 60 Minutes na watu kule wakakimbilia waini nyekundu, wakaitafuta sababu wakasema ni kitu kinaitwa resveratroli kwenye ganda la zabibu. Sawa kimo, ila lita nzima ya waini ina miligramu chache tu, wakati kwenye majaribio watafiti wametumia mpaka mamia ya miligramu. Upande wa pili, kilevi kimewekwa kwenye kundi la kwanza la visababishi vya kansa tangu 1988, kundi moja na moshi wa sigara, na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani likasema wazi hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kwa afya. Simkatazi mtu mzima glasi yake kwenye harusi, na naiuza, sitaki kusema uongo. Ninachokataa ni kuiita chakula na kumpa mgonjwa.

Makopo nayo yana yake, ngoja niseme. Chumvi. Lile kopo langu la njegere lina sodiamu zaidi ya miligramu 600, hiyo ni kama gramu moja na nusu ya chumvi, na ushauri wa kimataifa ni isizidi gramu 5 kwa siku nzima kwa kila kitu ulichokula. Mwenye presha akimimina kopo na maji yake yote kwenye sufuria, halafu akaongeza chumvi na mchuzi wa paketi kama tunavyofanya, amejiumiza. Dawa yake rahisi, unamwaga yale maji, unamwaga njegere au maharage kwenye chujio, unafungulia bomba unaziosha mpaka lile povu liishe, chumvi inapungua mpaka karibu asilimia 40. Kopo lililovimba usilifungue hata kama limetoka dukani leo na tarehe yake bado, kuna bakteria wa botulinamu anayeishi pasipo hewa, sumu yake inaua, kwa hiyo viwandani wanapika kwa mvuke wenye presha mpaka nyuzi 121, na wewe ukiona limevimba ujue huenda hapo pana kitu hakikufa. Mimi likivimba shelfuni natupa, simuuzii mteja hata kwa bei ya chini.

Na vitamini C, kweli inapotea. Njegere mbichi gramu 100 zina kama miligramu 40, za kopo zinabaki 10. Watu wakiona hiyo wanasema si unaona! Lakini nani anakula njegere mbichi? Ukizichemsha nyumbani zinashuka mpaka kama 14. Kwa hiyo ukilinganisha sahani na sahani, tofauti ni ndogo kuliko tunavyodhani, tena sisi huku wengi tunachemsha mboga, tunamwaga maji, ndo tunakaanga, vitamini tumeipeleka kwenye mtaro. Nyuzinyuzi, protini, madini, hivyo vyote kopo halivigusi sana. Na nyanya ndo kabisa, ile rangi yake nyekundu, laikopini, mwili unaipokea vizuri zaidi nyanya ikishapikwa na mafuta kuliko ikiwa mbichi, kwa hiyo kopo la nyanya hapo halina aibu yoyote.

Nyanya zinanikumbusha. Ukitoka Iringa mjini kwenda Dar ukifika Ilula msimu ukiwa umekubali unakuta matenga ya nyanya yamepangwa barabarani mpaka macho yanachoka, bei imeanguka, nyingine zinaozea pale pale, mkulima amekaa kwenye tenga lake anaangalia malori yanapita. Halafu kwenye shelfu langu dukani kuna nyanya ya kopo imetoka China. Tunao Dabaga hapa hapa Iringa, sosi zao ziko nchi nzima, kwa hiyo kazi yenyewe tunaiweza, ila nikiona yale matenga roho inaniuma, natamani vingekuwepo viwanda vitano kama hicho kati ya Ilula na Makambako. Hapo tusingeyaogopa makopo, maana tungejua yametoka shamba la nani.

Maana wanaotukuta huku wanashangaa. Nyanda za juu kusini, kila kitu kinaota, viazi, maharage, mahindi, kabichi, parachichi, njegere, lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 umekuta Iringa asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, ya juu kuliko mikoa yote, Njombe inafuata, wakati taifa zima ni 30. Zaidi ya nusu! Sisi tunaolisha wenzetu. Sababu ni nyingi na sitajifanya nazijua zote, ila moja naiona kwa macho, tunauza mboga na maziwa na mayai, tunabaki na ugali, na ile hela ikirudi nyumbani inanunua kitu kilichofungwa vizuri ambacho mtu kaambiwa kina nguvu. Na msimu wa mvua ulanzi nao, ile pombe ya mianzi, mbeta za kuukingia zimejaa, hata mtoto anaonjeshwa kwa sababu ni mtogwa, ni mtamu tu bado haujawa mkali, anashiba maji matamu anakataa uji. Hilo tunalichukulia la kawaida kabisa, na mimi nimekua nalo, lakini kila nikiiangalia ile 56.9 silioni tena la kawaida.

Kopo silipigii debe liwe chakula chetu cha kila siku. Njegere za sokoni zikiwepo, nunua za sokoni. Fungu la mnavu au la chinese ni hela ndogo kuliko kopo, na linalishinda. Kopo ni la siku huna njia, la kijana aliye machimboni Chunya ambako mboga ikifika imeshanyauka, la dereva aliyekwama foleni Tunduma siku nne, la mwanamke mmoja anayemuuguza mwenzake na hajalala. Siku hizo kopo la njegere ni chakula cha maana na halina haja ya kufichwa kibarazani.

Jumapili baada ya ibada nilikaa na mama mdogo, tunachambua mchele, nikamweleza taratibu. Sikuanza na namba. Nilianza na maziwa, nikamwambia mama, ukimpa yeye unampa na mjukuu wako. Akanyamaza muda mrefu, anapepeta tu. Halafu akasema, "mbona sisi tulikunywa na mkakua?" Nikamwambia mlikula na maini mama, na mbogamboga za bustanini, labda hivyo ndo vilitusimamisha. Hakusema ndiyo hakusema hapana. Jioni nilikuta chupa haipo kwenye stuli, kairudisha kwenye kikapu, na kaiviringisha tena na ile kanga.

Jumatatu akaniita jikoni akataka nimwonyeshe nilivyokuwa nataka kupika yale makopo. Nikafungua njegere, nikamwaga maji, nikamwekea mkono wake chini ya chujio aone lile povu linavyotoka. Kitunguu, karoti, nyanya mbili, mafuta kidogo, chumvi sikutia hata punje. Maini tuliyakata vipande vidogo tukayatangulizia, maana njegere za kopo zimeshaiva, ukiziweka mapema zinavurugika zinakuwa uji, zinaingia dakika mbili za mwisho zipate moto tu. Mama mdogo akaonja kwenye kiganja, akaongeza pilipili hoho. Nikaepua, nikafunika kidogo ipoe, ndo nikakamua ndimu juu yake, maana vitamini C ya ndimu inasaidia chuma cha njegere kuingia mwilini na haipendi moto.